Milango, Mitaa na Sura Zetu: Historia ya Picha za Mji Mkongwe



Hapa Ndungu, chini ya milima ya Upare, mavuno ya mpunga yakiisha harusi hufuatana. Sisi tunaoshona nguo za harusi tunajua msimu umefika pale wasichana wanapoanza kuja na mama zao au shangazi zao, mmoja ameshika kitambaa, mwingine ameshika simu yenye picha ya mshono anaoutaka. Tukishamaliza kupima kifua na mikono, swali linalofuata siku hizi ni moja: picha tukapigie wapi? Wengine huridhika na Same mjini. Wengine husema Moshi. Na wale wenye ndugu Unguja, au waliopata mume wa huko, husema bila kusita: Mji Mkongwe.

Hatuwalaumu. Sisi wenyewe huvuka bahari kufuata vitambaa, lesi na shanga, na kila safari hurudi na mzigo wa aina mbili. Mmoja uko kwenye mifuko. Mwingine uko kwenye simu: milango, madirisha, kona za vichochoro, ncha za minara, maua yaliyochongwa juu ya vizingiti. Tunazipiga kwa sababu ya kazi. Ua la mlango wa msaji, ukilikalisha vizuri, linakuwa tarizi ya mkono wa gauni, na mnyororo uliochongwa pembeni ya fremu unakuwa pindo la shela.

Leo tumeona tuwasimulie historia ya picha hizo. Nani walianza kupiga picha mji ule, walipiga nini, picha zao zimetufaa nini leo, na ni kina nani walichukuliwa sura zao bila kuulizwa. Bibi harusi anayesimama mbele ya mlango wa Mji Mkongwe anaingia katika jambo lenye umri wa zaidi ya miaka 150, na ni vizuri aingie akilijua.

Mji wa mawe ya bahari

Mji Mkongwe tunaouona leo ulikua sana katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati. Kabla ya hapo palikuwa na Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwambao mwishoni mwa karne ya 17. Biashara ya karafuu, pembe za ndovu na, kwa huzuni, biashara ya watumwa, ikaleta fedha. Wafanyabiashara wa Kiarabu, Kihindi, Kiswahili na Kingazija wakajenga nyumba zilizobanana.

Nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu lakini vyembamba. Fundi wa nguo analielewa hilo upesi: upana wa kitambaa ndio unaoamua mkato. Huwezi kutoa gauni la marinda mapana kwenye kitambaa cha yadi mbili, na huwezi kutoa chumba kipana kwenye boriti fupi.

Vichochoro navyo ni vyembamba kwa faida. Jua haliingii kwa muda mrefu, na upepo wa bahari unapita. Kwa anayepiga picha, hii ndiyo siri ya uzuri wa mji huo. Mwanga hauji moja kwa moja, unagonga ukuta mweupe wa upande mmoja ndipo unafika kwako ukiwa umepoa. Ngozi hung'aa na kitambaa cheupe hakiungui. Mabibi harusi wanaosema picha za Mji Mkongwe zina kitu chake, mara nyingi kitu chenyewe ni hicho.

Kamera ilipofika

Kamera ilifika mwambao wetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya mwaka 1846 na 1848, nahodha Mfaransa aitwaye Charles Guillain alisafiri katika mwambao wa Afrika Mashariki akiwa na chombo cha kupigia picha juu ya bamba la madini. Seyyid Said alikuwa bado hai. Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyekuwa akijiandaa kwenda bara pamoja na Speke kutafuta chanzo cha Nile, naye alipiga picha Unguja. Hizo ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za mji ule.

Hao walikuwa wapita njia. Waliokaa na kufanya kazi ya picha kuwa biashara walikuwa hasa watu kutoka Goa. A. C. Gomes alifungua studio Unguja mwishoni mwa miaka ya 1860, na kazi hiyo ikaendelezwa na mwanawe. Wakafuata wengine, kama ndugu wa Coutinho na Pereira de Lord. Walipiga picha masultani na mawaziri wao, meli bandarini, majumba ya ufukweni, mitaa, milango, wauza maji na wachukuzi. Picha hizo ziliuzwa kwa wageni walioshuka melini, na baadaye zikachapwa kuwa kadi za posta zilizosambaa Ulaya na India.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio, na mwanawe Rohit akaendelea nayo. Familia nyingi za Unguja zilipigiwa picha hapo, na kuta zake zikajaa picha za mji wa zamani ambazo mgeni na mwenyeji wote wawili wangeweza kuzinunua. Duka la namna hiyo ni kama sanduku la bibi. Ndani yake kuna mambo ya ukoo mzima.

Kusoma mlango

Sasa tuje kwenye milango, maana hapo ndipo kila simu hutolewa mfukoni.

Mlango wa Mji Mkongwe ni kazi ya mbao zito, mara nyingi msaji au mfenesi. Una fremu pande zote, una kizingiti cha juu ambacho ndicho chenye nakshi nyingi zaidi, na una mbao mbili zinazofunguka, moja dume na moja jike. Katikati kuna mfaa, ule mwamba wa mbao uliosimama unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana. Mtu akipiga picha mlango akaukata mfaa au kizingiti, amekata shingo ya gauni.

Kwa jumla kuna aina mbili kubwa za kutazama. Mlango wa Kiomani una fremu iliyonyooka juu, na kizingiti chake huwa na nakshi za maua na majani, mara nyingine pamoja na maandishi ya Kiarabu: aya ya Qur'ani, jina la mwenye nyumba au mwaka wa Hijria. Mlango wa Kihindi, wa mtindo wa Gujarati, mara nyingi una tao juu, na mbao zake zimegawanywa katika vipande vya mraba na hukunjika. Ile misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka nayo asili yake ni India, ambako ilisemwa kuwa kinga dhidi ya tembo wa vita. Unguja hapakuwa na tembo wa kuvunja milango. Misumari ilibaki kuwa pambo na alama ya uwezo.

Nakshi nazo husomwa. Mnyororo unaozunguka fremu husomwa kuwa usalama wa nyumba. Samaki ni riziki na kizazi. Yungiyungi, lile ua la majini, limetoka katika michoro ya zamani sana ya Misri na India. Mtende ni wingi na baraka. Mawimbi chini ya fremu ni bahari iliyoleta mali ya mwenye nyumba. Nyumba nyingi zilianza kwa mlango: mlango ulisimamishwa kwanza na kuta zikafuata. Ndiyo maana mlango ulikuwa fahari, ulitangulia kila kitu.

Tukirudi na picha hizo mezani kwetu, tunazikuza, tunaweka karatasi, tunachora. Tumegundua kwamba wachongaji walikuwa na kanuni moja ambayo na sisi tunaifuata: nakshi lazima ijibu upande wa pili. Ua la kulia lina mwenzake wa kushoto. Ukitazama kwa juujuu yanafanana, ukikaribia unaona mkono wa fundi umetofautiana kidogo. Mashine haiwezi hivyo. Mkono tu ndio unaweza.

Mji usio na masanamu, na masanamu matano

Wanaotembelea miji ya zamani ya Italia, kama Roma na Florence, hurudi na picha za masanamu ya wafalme, mashujaa na mitume yaliyochongwa kwa mawe. Mji Mkongwe haukujipamba hivyo. Watawala wake walikuwa Waislamu, na dini yetu imetufunza tahadhari kuhusu masanamu. Hutaona sanamu ya Seyyid Said juu ya farasi. Fahari ya mji iliingizwa kwenye mbao, chokaa, maandishi na umbo la minara. Msikiti wa Malindi, kwa mfano, una mnara wa umbo la pia wenye mistari ya pembe pembe iliyopangwa mara mbili. Mistari hiyo ni mizuri mno kwa pindo la kanzu.

Ukitaka mzizi wa ustadi huu, toka nje ya mji mpaka Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa. Msikiti wa pale umejengwa upya baadaye, lakini upande wa kibla yamebaki maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yakitaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Miaka zaidi ya 700 kabla ya milango ya Mji Mkongwe, tayari kulikuwa na mkono unaojua kuchonga neno la Mwenyezi Mungu likawa pambo. Ukienda, omba ruhusa kwa wenyeji, vua viatu, jisitiri, na usipige picha mtu aliye kwenye swala.

Masanamu yanayojulikana zaidi Mji Mkongwe yako Mkunazini, na hayakuwekwa kwa fahari. Pale palikuwa soko la watumwa. Mwaka 1873 Sultan Barghash bin Said, kwa shinikizo la Waingereza, alisaini mkataba wa kufunga soko hilo, na mwaka huohuo ukaanza ujenzi wa kanisa la Waanglikana chini ya Askofu Edward Steere. Mwaka 1998 msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, alikamilisha pale kumbukumbu ya watu watano waliosimama ndani ya shimo, wakiwa na minyororo shingoni.

Tunalisema hili kwa upendo kwa dada zetu: pale si mahali pa kupozi. Tumewaona wageni, na wenyeji pia, wakichuchumaa ukingoni huku wanacheka. Miongoni mwa waliouzwa pale walikuwamo watu waliotoka bara, kutoka upande wetu huu wa milima na mbali zaidi ya hapo. Ukipiga picha, piga ukiwa umesimama kwa heshima, na uitunze kama unavyotunza picha ya kaburi la mzazi. Bibi harusi na shela lake hana haja ya kusimama pale.

Picha inapobaki na jengo likaondoka

Faida kubwa ya wapiga picha wa zamani ni kwamba walihifadhi vitu ambavyo leo havipo.

Mfano ni ufukwe wa Forodhani. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Nguzo zake zilikuwa za chuma, vibaraza vyake vikazunguka jengo lote, na baadaye likapata umeme na lifti kabla ya majengo mengine ya mji. Watu walistaajabu, na jina likabaki. Katika picha za kabla ya 1896 unaona kitu ambacho hakipo tena: mnara mrefu wa taa uliosimama peke yake mbele ya majumba ya Sultan, pamoja na jumba la Beit al-Hukm. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Waingereza zilipiga mizinga ufukwe huo kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm likaharibiwa na mnara ukabomoka. Mwaka uliofuata saa na mnara vikaunganishwa na Beit al-Ajaib. Mtu aliyezaliwa baada ya hapo angejuaje sura ya ufukwe wa mwanzo? Kwa picha.

Na sisi tumeshuhudia ya kwetu. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati jengo likiwa katika ukarabati. Watu wawili walifariki dunia, Allah awarehemu. Mnara ule wa saa uliokuwa kwenye kila kadi ya harusi na kila kalenda ulianguka pamoja na upande wa mbele. Mji ulikuwa umeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mamlaka ya kuuhifadhi iliundwa mwaka 1985, lakini chokaa haiangalii orodha. Mvua ikiingia ukutani na boriti zikioza, nyumba hushuka.

Baada ya tukio hilo kila picha ya karibu ya nguzo, ya mlango na ya kibaraza cha jengo lile imepata thamani mpya. Fundi anayetaka kurudisha nakshi iliyovunjika anahitaji kuiona ilivyokuwa. Picha ya bibi harusi aliyesimama pale mwaka 2015, nyuma yake ukaonekana vizuri mlango na mabano ya kibaraza, inaweza kuwa ushahidi. Hapo ndipo tunaposema kupiga picha kwa makini si anasa.

Mfano wa heri upo jirani. Hospitali Kongwe, ile yenye vibaraza vya mbao vilivyochongwa kama lesi, ilianzwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan. Alifariki kabla haijaisha, na mjane wake ndiye aliyesimamia kazi ikaendelea hadi kukamilika mwaka 1894. Jengo lilichakaa vibaya, kisha katika miaka ya 1990 likakarabatiwa na taasisi ya Aga Khan. Kila tukipita pale tunamkumbuka yule mama. Wageni hupiga picha vibaraza vyake kila siku, na ni wachache wanaojua kwamba kazi ilimalizwa chini ya mkono wa mwanamke.

Wanawake wasio na majina

Sasa tunafika kwenye deni.

Wapiga picha wa zamani walipopiga jumba, waliandika jina la jumba. Walipopiga Sultan, waliandika jina lake. Walipopiga mwanamke wa kawaida, mara nyingi waliandika tu kuwa ni mwanamke wa Kiswahili, au mrembo wa Unguja, au msichana mtumwa. Kadi hizo zimesafiri dunia nzima. Leo ziko kwenye makumbusho na minada, na hakuna ajuaye yule aliyevaa kanga mbili na vipuli vya karatasi masikioni alikuwa binti wa nani, alikubali au aliamriwa, alilipwa au hakulipwa.

Kwetu mafundi picha hizo ni darasa. Unaona jinsi kanga zilivyofungwa kifuani miaka ya mwanzo, kabla ya maandishi. Unaona suruali za marinda za mabibi wa Kiarabu, zilizokusanywa kifundoni, unaona barakoa zilizotariziwa na ukaya uliotupwa kichwani. Tunajifunza mkato kwao. Lakini kila tukijifunza tunakumbuka kwamba mwalimu wetu hana jina, na kwamba huenda alikuwa mtu wa sitara ambaye asingependa kabisa kuuzwa kwa fedha kidogo kwa baharia.

Mmoja tu kati ya wanawake wa zama hizo ndiye mwenye jina kubwa: Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete na kujulikana kama Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Picha yake maarufu, akiwa amevaa mavazi ya binti wa mfalme wa Unguja, ilipigwa studioni Hamburg. Tazama jambo hili: nguo ni za kwao, mapambo ni ya kwao, lakini mji uliokuwa nje ya mlango wa studio ulikuwa wa baridi na ugeni. Hata hivyo picha ile ina jina, na yeye aliandika habari zake mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na wale wa kadi za posta.

Jambo la jana linavyorudi leo

Mteja wetu mmoja aliolewa Unguja. Tulimshonea gauni la rangi ya maziwa, mikono yake tumeitarizi nakshi ya mlango. Baada ya harusi alipigwa picha katika kichochoro kimoja, na kwa kuwa palikuwa na wanawake watupu, alifunua shela kwa dakika chache. Ilikuwa picha ya mumewe na ya mama yake. Miezi michache baadaye ndugu yake aliiona imetumika kwenye tangazo la kuvutia wageni. Jina halikuwekwa. Chini yake yaliandikwa maneno ya kusifu uzuri wa visiwa. Aliyeipiga hatutamtaja, na picha ilikuja kuondolewa baada ya wazee kuingilia kati, lakini nani ajuaye ilikwisha kufika kwenye simu ngapi?

Yule binti alituambia neno moja: "Mmenishonea nguo ya kunisitiri, wao wamenigeuza pambo la ukuta." Hatukuwa na jibu la haraka. Ila tuliona kwamba ni kadi ya posta ileile ya miaka 100 iliyopita, imebadilisha karatasi tu. Mlango hauna haya, ukiupiga picha na kuutangaza umeutendea wema. Mwanamke ana haya, ana mahrimu wake na wasio mahrimu, na idhini ni yake. Mji wenyewe ulijengwa kwa kulijua hilo. Tazama madirisha yenye vipande vya mbao vilivyopishana, yanayomwezesha aliye ndani kuona nje bila kuonekana. Tazama zile njia za juu zinazounganisha nyumba na nyumba katika baadhi ya miji ya mwambao, ili mabibi watembeleane bila kushuka barabarani. Waliojenga mji walihesabu macho ya mpita njia. Anayepiga picha ndani ya mji huo naye ayahesabu.

Kwa bibi harusi anayekwenda Mji Mkongwe

Kutokana na haya tuliyoyasimulia, tuna nasaha chache ambazo tunawapa wateja wetu.

Kwanza, kubaliana na mpiga picha kabla ya siku yenyewe, kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu. Picha zipi ni za familia tu, zipi anaweza kuonyesha, na kwamba hawezi kumpa mtu wa tatu bila wewe kukubali. Ukiweza, mchukue mwanamke. Siku hizi wapo na wanaijua kazi.

Pili, baraza la nyumba ni sehemu ya nyumba ya mtu. Kabla hujaketi na gauni lako, piga hodi, toa salamu, omba. Waunguja ni wakarimu, na mara nyingi bibi mwenye nyumba atatoka na kukuombea dua. Mlango huo kwake si mandhari, ndiko anakopitia kwenda sokoni.

Tatu, nenda asubuhi mapema au baada ya alasiri. Kichochoro kina mwanga mtulivu, watu ni wachache, na huwazuii wanaokwenda msikitini au madrasa.

Nne, wakati umevaa vizuri na mlango uko nyuma yako, pigwa na picha moja ambayo mlango unaonekana wote: kizingiti, mfaa, fremu hadi chini. Na piga nyingine ya mlango peke yake. Hiyo ni sadaka yako kwa mji.

Tano, na hili ndilo kubwa: andika. Jina lako, jina la mtaa, mwaka wa Hijria na wa Miladia, nani alishona, nani alipaka hina. Andika nyuma ya picha kwa penseli, au kwenye daftari linalokaa na picha. Ihifadhi mahali pa sitara, lakini iwe na jina.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya kwetu. Hapa Upare nyumba za msonge walizozaliwa bibi zetu zimekwisha, na hatujaiona picha hata moja ya nyumba ya bibi zetu. Wengi wao tunazo picha zao moja moja tu, zile ndogo za kitambulisho, wamekunja uso kwa kuogopa mwanga. Hatuna nguo zao za harusi wala hatujui zilivyokatwa. Unguja ina kadi za posta zenye nguo bila majina. Sisi tuna majina bila nguo. Binti anayeolewa mwaka huu anaweza kuwaachia wajukuu vyote viwili, na sitara yake ikabaki mkononi mwake.

Mwenyezi Mungu awape mabibi harusi wetu wote ndoa zenye utulivu, mapenzi na rehema, awahifadhi katika heshima yao, na auhifadhi mji wa wazee wetu pamoja na wanaoishi ndani yake. Amin.